Kipupwe Lamu: mwongozo wa safari ya ghafla kwa aliyechoka

Mwaka wangu hauishi Desemba. Unaisha tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa sababu kazi yangu ni hesabu na Mkenya hukumbuka ritani kama anavyokumbuka ndoo paa likishavuja. Wiki mbili za mwisho ofisi yetu ndogo hapa Mombasa hugeuka stendi ya matatu. Huyu amesahau neno la siri, yule hajapewa P9, fomu ya mshahara na kodi yake, na mwajiri wake, na yupo mzee mmoja wa duka la vipuri ambaye kila mwaka hutokea usiku wa mwisho akiwa na risiti zake ndani ya mfuko wa unga. Ikifika Julai mosi siwezi kuhesabu hata chenji ya mandazi.

Ndiyo maana kwa miaka kadhaa sasa, Julai ikiingia, natorokea Lamu. Sipangi miezi mitatu mbele. Naamua Jumanne, naondoka Alhamisi, narudi Jumapili. Nimekosea mara za kutosha kuweza kumwelekeza mwingine. Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: ana siku nne, pesa zake si nyingi, na hana hamu ya kutembezwa kama kundi la watalii.

Kwa nini kipupwe

Pwani tuna majira yetu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba mpaka Machi: joto kali, bahari shwari, hoteli zimejaa. Masika hushika Aprili na Mei. Kisha upepo wa kusi unakolea, na Juni mpaka Agosti ndicho kipupwe: mawingu yanakimbia, rasharasha inakuja na kuondoka kabla hujamaliza kuanua nguo. Mchana joto hukaa kwenye nyuzi 27 au 28. Mtu wa Limuru, kule bara kwenye baridi, atacheka akisikia tunaiita hiyo baridi. Naye akae juu ya dari la nyumba ya Lamu saa tatu usiku, upepo ukimpiga ubavuni, halafu tuone kama hataomba shuka.

Kwa anayetaka kupumzika, majira haya hayana mfano. Wanafunzi bado wako madarasani mpaka karibu na Agosti, kwa hivyo familia za bara hazijateremka. Wageni wa ng'ambo nao ni wachache. Nyumba kadhaa za wageni, hasa katika kijiji cha Shela, hufungwa baada ya Pasaka kwa ukarabati. Zikifunguliwa zina vyumba vitupu na wenyewe wako tayari kusikiliza bei.

Hasara ni bahari. Upande wa Shela unaotazama bahari kuu huwa na mawimbi, na mchanga unaopeperushwa na upepo huchoma miguu kama sindano. Ukitaka kuogelea kutwa nzima, ngoja demani, Septemba au Oktoba, au ngoja kaskazi. Ukitaka kulala, usingoje.

Tazama mwezi kabla ya kalenda

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikuwa wa mbele. Lamu hakuna unachofanya bila maji kukupa ruhusa. Kutembea kwa miguu mpaka Shela, kwenda magofu ya Takwa, kwenda kisiwa cha Pate, yote hutegemea kujaa na kupwa. Huhitaji programu ya simu. Tazama juu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, ndipo maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake ni kinyume, kujaa asubuhi na kupwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua hayo matatu, unaweza kupanga siku zako nne ukiwa jikoni kwako Mombasa.

Kanuni yangu: nikitaka kutembea sana ufuoni, naenda siku za bamvua, nina asubuhi yote ya mchanga mgumu uliolowa. Nikitaka mashua na mikoko, naenda siku za maji mafu, nipate maji asubuhi. Na kama safari yako ni ya ghafla kweli na mwezi umekukuta ulivyokukuta, basi badilisha mipango yako.

Angalia pia usigongane na Maulidi. Mwezi wa Mfungo Sita, Lamu hupokea watu kutoka pwani nzima na visiwa vya mbali kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ule ulioanzishwa na Habib Saleh. Ni siku tukufu na za furaha, nimewahi kwenda makusudi, lakini hazina usingizi wala chumba. Kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, uliza kabla.

Saa moja ya maandalizi

Najiwekea saa moja tu, maana ikizidi hapo akili huanza kutafuta sababu za kubaki. Simu ya kwanza ni ya chumba, na nachukua usiku mmoja peke yake. Kipupwe vyumba havikosekani, na chumba unachokiona kwa macho ndicho utakachoelewana bei yake. Simu ya pili ni ya tiketi ya basi. Ya tatu ni kwa mtu atakayeshika kazi yako, umwambie wazi utakaporudi, bila kuongeza "lakini nitapatikana". Neno hilo likishatoka, safari imekwisha kabla hujapanda gari.

Pesa nazigawa mafungu matatu tangu nyumbani. La kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na boti, haliguswi. La pili ni chumba. La tatu ni la kula na mashua, na likiisha, naendelea kwa mahamri na mbaazi, ambavyo kwa kweli si adhabu. M-Pesa inapokewa karibu kila mahali na benki ziko ukingoni mwa bahari, ila beba noti ndogo za boti na za kahawa.

Mzigo: begi moja la mgongoni. Mwaka wa kwanza nilikwenda na sanduku la magurudumu. Njia za Lamu zina mfereji wa maji pembeni na mawe yasiyolingana, na nyingine hazimpishi mtu na punda kwa wakati mmoja. Gurudumu moja lilizama mferejini mbele ya baraza lililojaa wazee, likakatika. Mzee mmoja akanyanyuka, akalitazama, akasema, "Mama, hapa gari letu lina miguu minne," akamwita kijana mwenye punda. Sanduku langu likaingia mtaani juu ya mgongo wa punda, nami nikilifuata nyuma kama mwenye maiti.

Weka leso mbili au kikoi, sweta jepesi, ndala, tochi, dawa ya mbu na kitambulisho. Kompyuta iache. Niliwahi kuipeleka "kwa dharura tu", na dharura ilinikuta kila siku kuanzia saa mbili asubuhi.

Njia

Ziko mbili. Ndege hutua Manda, kisiwa kinachotazamana na mji, na kutoka hapo unavuka kwa boti dakika chache. Kwa anayetoka Nairobi na kuogopa siku nzima barabarani, hiyo ndiyo yake.

Mimi hupanda basi, kwa sababu za mfuko, na pia kwa sababu uchovu wa kazi hauondoki mara moja. Unahitaji kutikiswa kidogo. Basi linatoka Mombasa asubuhi mapema, linapita Kilifi na Malindi, linavuka mto Sabaki, linapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni ambako marundo meupe hukaa kandokando kama theluji iliyopotea njia. Mbele ni Minjila karibu na Garsen, ambapo unaiacha barabara ya Garissa na kushika ya kulia: Witu, Hindi, Mokowe. Zamani kipande hicho kilikuwa vumbi na matope. Siku hizi ni lami. Hesabu saa sita mpaka nane kwa ujumla, ukitegemea vizuizi.

Vizuizi ndivyo vya kusemwa bila kupaka mafuta. Barabara ya Lamu imeshuhudia mashambulizi miaka iliyopita, na hadi leo polisi hukagua magari, wakati mwingine abiria wote hushuka na kupita kwa miguu na vitambulisho mkononi. Safiri mchana. Chukua basi la alfajiri, si la mwisho. Siku moja kabla, muulize mkata tiketi hali ya njia, na kama ana wasiwasi, sikiliza wasiwasi wake, wiki ijayo ipo. Asiye na kitambulisho asijaribu.

Mokowe ndiyo mwisho wa gari. Hapo gatini utazungukwa na vijana, kila mmoja na boti yake. Usikimbizwe. Zipo boti za abiria za kujaza watu, na zipo za kukodi peke yako. Uliza nauli kabla mguu haujaingia, vaa jaketi la kujiokolea hata kama wenyeji wamelikalia, na weka simu ndani ya begi, kwa maana kipupwe maji hurukia walioketi mbele. Kaa nyuma karibu na mashine.

Chumba: usidanganywe na dari

Kila mgeni anataka chumba cha juu kabisa, chini ya makuti, chenye mandhari. Kaskazi ni sawa. Kipupwe chumba hicho hulia usiku kucha. Makuti yanachapa, mvua inaingia kwa ubavu, na chandarua kinapepea kama tanga. Omba chumba cha kati, kisichotazama kusini. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Ukifunga mlango, upepo unausikia tu kama mtu anayepita nje.

Kabla ya kulipa uliza mambo mawili. Je, maji yanatoka sasa hivi? Fungua bomba mwenyewe uone. Na msikiti wa karibu uko wapi? Mji una misikiti zaidi ya 20, na adhana ya alfajiri itakuamsha popote ulipo, jambo ambalo mimi nalipenda, ila kuna tofauti ya kuamshwa na sauti kutoka mtaa wa pili na kuamshwa na kipaza sauti kilicho mkabala na mto wako. Punda nao wana adhana yao isiyo na saa maalumu. Hilo halina dawa.

Nyumba moja niliyolala ilinipa chumba kizuri na kitanda kibovu, na mwenyewe alinihakikishia kwamba mgongo hunyooka kwenye kitanda kilichobonyea. Usiku wa pili nilihama. Ndiyo faida ya kulipa usiku mmoja.

Siku ya kwanza usifanye kitu

Nasema kweli. Ukifika alasiri, oga, kula, lala. Ukiamka, lala tena. Mtu aliyechoka akifika mahali papya huanza kuorodhesha: makumbusho, ngome, Shela, mashua, machweo. Orodha ni kazi, na kazi umeiacha Mombasa.

Jioni tu, teremka mpaka Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, ukae chini ya miti. Mwuza kahawa atapita akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, yenye tangawizi, kikombe kidogo mno. Tafuna kipande cha halua au kashata kwanza, kisha unywe. Wazee wanacheza bao, watoto wanapigia mpira ukuta uliojengwa kati ya 1813 na 1821. Ngome hiyo ilikuwa jela mpaka 1984, na ukikaa hapo muda mrefu atatokea mtu wa kukusimulia nani alifungwa na kwa nini.

Siku ya pili: mji

Njia kuu ya ndani wenyewe huiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Ifuate kutoka Langoni, upande wa kusini wenye maduka na kelele, mpaka Mkomani, upande wa kaskazini wenye nyumba kuu za mawe. Kisha iache. Ingia kichochoro chochote. Hutapotea, kwa sababu mji umeinamia bahari: ukichoka, fuata mteremko, na mfereji wa maji machafu utakuonyesha pwani ilipo.

Tazama juu kidogo. Utapita chini ya wikio, vyumba vinavyovuka njia na kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Tazama milango iliyonakshiwa, na mbele ya mlango daka, ukumbi mdogo wenye mabenchi ya mawe pande mbili. Daka lilijengwa ili mgeni apate pa kukaa bila kuingia kwa watu. Asubuhi moja rasharasha ilinikuta Mkomani, nikajibanza kwenye daka nikidhani nyumba haina watu. Mlango ukafunguka upenyo, bibi mmoja akachungulia.

"Shikamoo bibi. Nimekimbia mvua."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Mombasa."

Akanitazama viatu. "Ndoo," yaani njoo kwa Kiamu, "keti ndani. Mvua ya kipupwe ina kiburi, haipendi kungojwa."

Ndani kulikuwa na kiwanja kidogo kilicho wazi juu, mvua ikiangukia mmea wa mrehani kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na chumba cha nyuma chenye zidaka, vishimo vilivyochongwa ukutani safu kwa safu. Zamani viliwekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Vya bibi vilikuwa na chupa ya chai, misahafu, picha za wajukuu, na chaja ya simu. Alinipa chai na mkate wa mofa uliobaki usiku, akaniuliza nina watoto wangapi na kwa nini nimekuja peke yangu. Nilimwambia nimechoka. Hakushangaa. Akasema basi nisiongee sana, akaendelea kuchambua mchele wake. Tulikaa hivyo mpaka mvua ilipokatika.

Sikuhakikishii kwamba utakaribishwa nyumbani kwa mtu. Ila salamu ndiyo ufunguo. Mji huu hausomi watu kwa mavazi tu, unawasoma kwa jinsi wanavyopita. Ukipita barazani bila "asalaam aleikum" au "sabalkheri", umepita kama punda bila mzigo. Mwanamke afunike mabega na magoti, mwanamume asitembee kifua wazi. Picha za watu, omba kwanza. Ijumaa, kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana, maduka hufungwa na mashua hazipatikani, usilalamike.

Kama unapenda makumbusho, chagua moja. Makumbusho ya Lamu, pale ukingoni mwa bahari, yanahifadhi siwa, baragumu kubwa zilizopulizwa katika harusi na sherehe za wakuu. Nyumba ndogo ya posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 walipokuwa wakilinda usultani wa Witu na kufungwa 1891, inaisha kwa dakika 20, na kwa sababu hiyo naipenda. UNESCO iliuandikisha mji wote mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, hata hivyo mji haujijui kuwa makumbusho. Kuna mtu anapika, mwingine anampiga mwanawe, na harufu ya udi inatoka dirisha la juu.

Siku ya tatu: maji

Shela ni kilomita tatu hivi kusini mwa mji, dakika 40 kwa miguu ukishika ukingo wa bahari. Maji yakiwa yamepwa, njia ni nyepesi. Yakijaa, yanafika ukutani sehemu kadhaa, na utavua viatu au utazunguka ndani. Nenda asubuhi maji yakipwa, tembea ufuoni ukiwa na milima ya mchanga upande wako wa kulia, na uamue kurudi kwa boti. Milima hiyo usiikanyage ovyo. Mvua ikinyesha, mchanga huinyonya na kuihifadhi chini, na visima vinavyounywesha mji vimechimbwa hapo.

Shela ndipo palipopiganwa vita vya mwaka 1812 hivi, Mombasa na Pate wakishirikiana dhidi ya Lamu. Inasimuliwa kwamba waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamepwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa hapo hapo. Najua hadithi hiyo tangu utotoni, na bado mimi, mtu wa Mombasa, nilirudia kosa lile lile kwa amani.

Ilikuwa siku ya maji mafu. Nilikodi mashua na nahodha mmoja kwenda Takwa, kisiwani Manda: magofu ya mji uliostawi karne ya 15 mpaka ya 17, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na 1681 au 1682, na mibuyu mikubwa iliyobaki kuwa wenyeji. Unafika huko kwa kuingia mlango wa maji katikati ya mikoko, na mlango huo hupitika maji yakijaa tu. Nahodha aliniambia wazi: "Dada, saa tano na nusu tuwe tumetoka." Mimi nikakaa chini ya mbuyu. Kulikuwa kimya. Aliponifuata mara ya kwanza nikamwambia dakika tano. Mara ya pili hakusema kitu, akakaa naye.

Tulipoingia mashuani maji yalikuwa yameshuka. Alisukuma kwa upondo, akateremka, akasukuma kwa bega, matope yakimfika mapajani. Saa saba na nusu mashua ikakaa.

"Tumekwama?" nikauliza.

"Hatukukwama, dada. Tumekaa. Maji yatarudi."

Hapakuwa na mtandao. Alikuwa na jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, changu wawili, ndimu, na wali wa nazi kwenye sufuria. Tulikula. Maji yakaendelea kwenda mpaka mizizi ya mikoko ikasimama hewani kama miguu ya watu waliopandisha nguo, na kaa wadogo wenye gando moja jekundu wakatoka kwa mamia, kila mmoja mlangoni pa shimo lake, wakipunga. Nahodha alijifunika kikoi usoni akalala. Nami nikalala, juu ya mbao, kichwa kwenye kamba. Nilipoamka maji yalikuwa yakigonga ubavu wa mashua kidogo kidogo, na ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni. Tangu Juni ianze sikuwa nimelala usingizi mzito kiasi hicho.

Basi, ukienda Takwa: uliza maji yanajaa saa ngapi, fika saa moja kabla ya kilele, na nahodha akisema twende, nenda. Au usiende, lakini beba chakula na umlipe saa zake za ziada bila kuombwa.

Ya kula, kwa ufupi

Upepo wa kusi ukivuma wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba, kwa hivyo samaki hupungua na bei hupanda. Usiagize kwa menyu. Uliza kilichoingia leo. Kama hakuna, kula maharagwe ya nazi, usile samaki wa barafu. Asubuhi mahamri na mbaazi. Jioni viazi vya karai, mishkaki na bajia kwa wauzaji wa mtaani, na juisi ya ukwaju. Mkahawa wenye watoto wa mtaa wakitumwa kununua chapati ndio mzuri; ulio na bango la lugha tano, pita.

Kurudi

Siku ya mwisho usiweke kitu. Boti ya kwanza huvuka alfajiri kukutana na mabasi ya Mokowe, kwa hivyo lipa chumba usiku uliotangulia, umwombe mwenye nyumba ufunguo wa mlango wa chini, na mwambie mwenye boti akupigie simu, maana Lamu saa ya mtu na saa ya boti si lazima zifanane. Nunua halua usiku, asubuhi maduka yamefungwa. Simu iache imezimwa mpaka uwe barabarani.

Mwaka jana niliwasha yangu tulipofika Minjila. Ujumbe ulikuwa mmoja, kutoka kwa yule mzee wa vipuri, umetumwa Julai tatu: "Mama, ile ritani bado inawezekana?" Nilifungua halua, nikala kipande, nikaizima tena mpaka Malindi.